Tawi la Mdalasini

Jumapili huwa napanda vilima vya nyuma ya Konde, kwenye njia za mikarafuu ya zamani zilizokwisha kuachwa. Natoka baada ya alfajiri na chupa ya maji, muhogo wa kuchemsha na panga, na narudi kabla ya magharibi. Majirani wananiona nimerukwa na akili. Mwanamke mzima kwenda porini bila kuokota hata ukuni mmoja! Waseme watakavyo. Kule juu hakuna wa kuniuliza habari za nyumbani.

Njia zile zinakwenda kwenye shamba la babu, na mama amezikwa huko, kama alivyousia. Nilimuuguza miaka miwili peke yangu. Kaka yangu alikuwa Unguja, mara kazi, mara bahari chafu. Alikuja siku ya arobaini, akala pilau, na kaburini hakufika kwa sababu mvua ilinyesha na viatu vyake vilikuwa vipya. Nilimchukia, na sioni haya kulisema.

Mwaka jana akaja akichechemea. Sukari ilikuwa imemla mguu na madaktari walikuwa wameshapanga kuukata wiki ile ile.

"Nnataka nimfikie mama kwa miguu yangu miwili," alisema. "Nimsomee Yasini, nimtake radhi."

Nikamwambia twende. Kwa kuwa alikwenda polepole, tulikubaliana nitangulie nifyeke, na kila njia panda nilaze jani bichi kwenye njia isiyopitwa. Kwetu hata mtoto anajua kwamba iliyolazwa jani haiendwi.

Njia panda tatu za mwanzo nililaza kwa haki. Ya nne ilikuwa hatua thelathini kutoka kaburini. Nilifika kaburini, nikang'oa magugu, nikasikia fimbo yake ikigonga mawe huko chini. Hapo roho mbaya ikanipanda. Nikarudi njia panda, nikakata tawi la mdalasini, nikalilaza kwenye njia ya kwa mama, nikajificha nyuma ya kichaka.

Alisimama akihema. Aliliangalia tawi, kisha akashuka ile nyingine, inayoishia kwenye kinamasi. Aliniita mara mbili. Sikuitika. Moyo wangu ulikuwa mweupe, niseme kweli, nilifurahi.

Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye gogo, ndara moja imebaki topeni, kidonda kinatoa maji. Nikamwambia njia imekufa, msitu umeimeza. Hakubisha. Aliuliza kaburi liko upande gani, aelekee. Nikamwonyesha upande usio wake. Akalisomea bonde tupu Yasini nzima, machozi yakimtiririka, nami nimesimama nyuma yake nikiitikia amina.

Mguu ulikatwa Alhamisi. Alinipigia simu kutoka hospitali kunishukuru, akasema bila mimi asingemkaribia mama. Nikamwombea apone.

Kuna jambo sikumwambia siku ile, na sijamwambia hadi leo. Miaka ile miwili, kila asubuhi nilipomgeuza mama kitandani, kabla hata ya kuniitikia salamu, aliniuliza: "Kaka'ko kaja?" Hakuwahi kuuliza nimelalaje. Siku ya safari, mtoto aliyekuwa akingojwa alikuwa amebakisha hatua thelathini, na nililijua hilo nilipokuwa nakata tawi.