Ufunguo Mfukoni mwa Fundi Taratibu

Jina hilo la Taratibu tulimbandika sisi rika lake, naye akalichukua bila ubishi. Miaka thelathini na kitu namfahamu, sikuwahi kumwona akikimbia. Mvua ikimkuta barabarani hutembea vilevile, akifika kalowa chepechepe husema mvua nayo ilikuwa na haraka zake. Kazi yake ni magurudumu tu, injini haigusi. Gereji yenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza iliyofungwa jiliwa la kubania vyuma, jeki mbili, na benchi nililolikalia mimi hadi likashika umbo langu. Mimi nina kipikapu cha kubebea mchanga, na siku ambazo hakuna mchanga, ambazo ndizo nyingi, nilikuwa nakwenda kupiga soga pale.

Alikuwa na desturi moja, na lazima niieleze mapema. Magari mengine kila gurudumu lina nati moja ya kufuli, isiyofunguka kwa spana peke yake mpaka kwa ufunguo wake, kichuma kifupi kama kizibo, chenye michongo inayoingiana na michongo ya nati ile. Imewekwa hivyo ili mwizi asiondoke na magurudumu. Taratibu akianza kazi, ufunguo huo huutia mfuko wa kifuani. Gari likiwa juu ya jeki nati zote huzishika kwa vidole tu. Akilishusha ndipo huzikaza kwa nguvu, ya kufuli ikiwa ya mwisho. Akimaliza huutoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi mwenye gari kiganjani. Hauweki juu ya kiti wala haupitishi dirishani.

"Ukiwa mfukoni mwangu, gari bado langu," alikuwa akisema. "Ukiwa mkononi mwako, nenda."

Miezi ya karibuni nilianza kuona mambo. Aliteleka birika la chai likakauka hadi likatoboka, naye amekaa hatua tatu kutoka pale. Siku nyingine akaniuliza mke wangu hajambo. Mke wangu alifariki mwaka juzi, na Taratibu mwenyewe alishika sepetu kaburini. Nikamjibu kwamba hajambo. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo. Nadhani niliona ni rahisi kuliko kumwangalia usoni akikumbuka.

Basi akaja mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, dereva wa teksi. Tairi la mbele lilikuwa linapungua upepo kila asubuhi, na ufunguo wa nati za kufuli haupo. Alisema ameupoteza, hajui wapi. Hapo Taratibu akapata mtu wa kumtania. Alimwuliza kama binti yake bado anaye au naye kamsahau kituo cha mafuta. Alipoinama kwenye gurudumu akaona nati ya kufuli ina makovu ya koleo, akauliza ni fisi gani aliyeing'ata.

"Ni mimi, baba," mkwe akasema, kichwa chini. "Nimezembea."

Nilimwona kijana wa watu anameza mate. Nikadhani ni haya ya kawaida za mtu mbele ya baba mkwe.

Kuutengeneza ufunguo mpya kulichukua siku mbili. Taratibu alikandamiza kipande cha sabuni ya kufulia juu ya nati mpaka michongo ikajichora, kisha akakibana kipande cha chuma kigumu kwenye jiliwa na kukila kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, akipima na kurudi. Mara ya kwanza kilikataa. Mara ya pili kiliingia nusu. Siku ya pili alasiri kikaingia na kutulia kama kilizaliwa humo. Nilifurahi. Nikajisemea kumbe rafiki yangu bado yuko sawa, lile birika lilikuwa birika tu.

Asubuhi iliyofuata mkwe alikuja na mkewe na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu. Walikuwa wanakwenda kwa mama mzazi wa huyo mkwe, ng'ambo ya milima, njia yenye ule mteremko mrefu wa kushukia mtoni ambako hata mimi na kipikapu changu hushuka nikinong'ona dua. Binti akachomeka simu yake pale mezani ichaji. Taratibu akaziba pancha, akarudisha gurudumu, akazishika nati kwa vidole, akashusha gari. Hapo hapo mjukuu akaanza kulia akimtaka babu, na binti akamtia mikononi mwake.

Babu akamzungusha gereji nzima, akimwonyesha matairi, akimwita kwa jina la utotoni la mama yake. Binti alicheka, akamwambia baba, huyo ni mwanangu, mimi niko hapa. Kisha wakapanda. Taratibu akampitisha mtoto dirishani, akamwonya mkwe asipokee simu hata moja akiwa amembeba mjukuu wake, mkwe akaahidi. Akalipiga bati la gari makofi mawili, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na macho yangu mawili yote.

Haikupita nusu saa, mkewe Taratibu akaingia ameshika ovaroli kuukuu.

"Nimetaka kuifua hii, hujaivaa tangu masika," akasema. "Ona kilichokuwa mfukoni, na wewe unamsumbua mtoto wa watu."

Ulikuwa ule ufunguo uliopotea. Taratibu akaupokea, akacheka, akasema kumbe mwizi ni yeye. Halafu kicheko kikakatika. Mkono wa kushoto ukapanda wenyewe hadi mfuko wa kifuani, ukatoka na ufunguo mpya. Akabaki amesimama, mmoja huku, mmoja huku.

"Sikukaza," akasema.

Mkewe akakaa juu ya tairi, taratibu sana, kama anayeogopa kuliumiza.

Tukampigia mkwe. Simu iliita mpaka ikachoka. Bila shaka alikuwa anaisikia, na anatii. Tukampigia binti, na simu ikalia nyuma yetu, mezani, kando ya jiliwa.

Kipikapu changu kimezoea mchanga, mbio hakijui. Siku ile nilikikanyaga mpaka milango ikawa inatetemeka. Na yule ambaye hakuwahi kuharakisha chochote alikuwa ananipiga begani akisema kimbiza, ndugu yangu, kimbiza. Baada ya daraja akasema simama. Akashuka, akaokota kitu pembeni ya lami. Nati, bado ina grisi yake. Tukaenda tena. Karibu na mwisho wa mpando akasema simama, akaokota ya pili. Gurudumu lile lina nati tano. Alizishika ndani ya ngumi. Nilikuwa natazama ukingo wa barabara mbele, pale inapoanza kuinama, nikitafuta alama za tairi na kuomba nisizione.

Gari lilikuwa juu kabisa ya mteremko, limesimama upande. Mkwe amechuchumaa mbele ya gurudumu. Binti alikuwa ng'ambo ya barabara, mtoto mgongoni amelala.

"Nilimwambia mwenzangu anipe ufunguo aliokabidhiwa," mkwe akasema. "Akasema hakukabidhiwa, alidhani ninao mimi. Nikasimama hapo hapo, baba."

Gurudumu lilikuwa limelala kama jino la mtoto. Taratibu akauweka ufunguo wa zamani juu ya boneti.

"Na huu?"

Mkwe akaugusa kwa kidole. Akasema kwamba hata mara ile ya masika, alipoleta gari gereji, hakukabidhiwa. Alifika nyumbani akakuta nati zinazunguka kwa vidole, akazikaza mwenyewe, ile ya kufuli akaibana kwa koleo.

"Niliona haya kukuambia. Nikaona bora niseme nimeupoteza mimi."

Taratibu hakumfokea. Alimpa zile nati mbili na spana, akasema, "Kaza wewe. Mimi nitatazama." Mkwe akakaza zote, ya kufuli mwisho. Hapo ndipo mzee akamkabidhi ufunguo mpya kiganjani, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. Binti alikuwa anamtazama baba yake kama anayemwona kwa mbali.

Tuliporudi, aliniambia niende polepole. Akaanza kuhesabu kwa vidole magari yaliyopita kwake tangu masika: la nesi, la mwalimu mkuu, la mikate. La mikate lilifungwa magurudumu mawili juzi.

"Yule wa mikate nilimkabidhi?" akaniuliza. "Wewe ulikuwepo kwenye benchi."

Jibu jepesi lilikuwa limeshafika ulimini, lile lile la mke wangu hajambo.

"Sijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Nikageuza gari, tukaenda kumtafuta wa mikate kwanza.