Nani Anakufa kwenye Kadi ya Mkasi

Mmeniganda wiki nzima kama kupe: andika, mama, andika. Mimi na kalamu tulikutana ukubwani na mpaka leo hatujazoeana. Haya, naandika, ila kwa masharti yangu. Mama aliyemo humu ni mimi, lakini nitamwita “mama yake”, maana nikianza mimi, mimi, mtasema najisifu. Na kujisifu kwenyewe sijaanza.

Mkasi ni jina walilompa kazini binti wa mama huyo. Ana miaka arobaini na mmoja na anaendesha mashine ya kukata karatasi kwenye duka la uchapaji. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, yeye na Ticha wa hesabu na Fundi Saa hukaa chumba cha nyuma, kwenye meza iliyojaa madoa ya wino, wakitunga kadi za mchezo wao wa vita vya falme. Kila kadi ina picha juu, labda joka, labda mchawi, na chini yake maneno ya kueleza inaweza nini. Kadi ikishatumika hulazwa, yaani hugeuzwa ubavu, ikakaa bure mpaka zamu yake ya kusimama ifike.

Sanduku lao lilitaka kadi sitini. Hamsini na tisa zilishapita, zote zilikuwa za kukatwa na Mkasi, na hata moja haikuwa yake. Alishaleta tano, zote tano zikarudishwa. Jumatatu zinaingia mashineni. Hii ya sita ikirudi, basi, atabaki kuwa mkata kadi za wenzake.

Jumapili hiyo mama yake alikuwa amemletea ufunguo aliousahau nyumbani, akakataa kuondoka kabla hajapewa chai. Akakaa pembeni na kikombe chake.

Sheria ya meza ni kwamba kadi yako ikiwa inakosolewa, mdomo wako unafungwa. Mkasi akaiweka kadi, akafunga mdomo, akaficha mikono chini ya meza.

“Mchoro umetulia, dada,” alisema Fundi Saa, kioo chake cha kutazamia saa kikiwa jichoni. “Huyu mama mlangoni kama namjua.”

Ticha akasoma kwa sauti. “Mama wa Kizingiti. Nguvu moja. Akimkumbatia adui, anakufa. Walio nyuma yake hawaguswi.” Akaisukuma kadi mbali. “Jamani! Kwa nguvu moja? Joka langu linakula nguvu tisa kutoka tu pangoni, halafu linakuja kuuawa na bibi wa ndala? Hii itavunja mchezo. Naikataa.”

Mkasi akauma mdomo. Ya sita hiyo inakwenda.

“Soma tena,” alisema mama yake.

“Mama, wewe kunywa chai,” alisema Ticha.

“Nimesema soma tena. Macho yangu ndiyo yamestaafu, masikio bado yako kazini.”

Ticha akasoma, akikokota maneno.

“Anakufa nani?”



“Si adui?” alisema Ticha.

“Wapi imeandikwa adui?”

Ticha akaishika kadi kwa mikono miwili. Akasoma kimoyomoyo, kidole kikifuata maneno, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kioo cha Fundi Saa kikamtoka jichoni kikatumbukia kwenye chai. “Miaka kumi na tisa nasahihisha madaftari ya watu,” Ticha alinong’ona, “na hili limenipita.” Akamgeukia Mkasi. “Fungua mdomo. Anakufa nani?”

Mkasi mwenyewe alikuwa ameduwaa. Miezi minane alikuwa na sentensi ile, anaifuta, anaiandika upya, na haikumjia hata siku moja kwamba ina mtu mwingine wa kufa.

“Anakufa huyo mama,” alisema. “Kwani kuna mwingine?”

Mama yake akainuka, akaichukua kadi, akaipeleka mbali na macho ndipo akaiona. Mlango wa kijani. Mwanamke mwenye sikio la kulia lililokatika ncha. Akajigusa sikio lake.

“Huyu mimi.”

“Ni wewe.”

“Umeniua?”

“Sikukuua mimi. Alikuua yule mbwa.”

Mkasi alikuwa na miaka saba mbwa mwenye kichaa alipoingia uani. Mama yake alimsukumia mtoto ndani, akafunga mlango, akamkumbatia yule mbwa kwa mikono yake mpaka majirani walipofika na marungu. Mtoto aliona kwa ufa wa mlango.

“Walikubeba kwenye shuka, mama. Shangazi akanichukua kwake. Watu wanaingia, wanatoka, wanalia, hakuna aliyeniambia kitu. Siku mbili nilijua umekufa. Uliporudi na bandeji nikaingia uvunguni, nikidhani ni mzimu.”

Mama yake akakaa kama aliyesukumwa. Kisa hicho cha uvunguni amekisimulia kwenye kila harusi: mtoto aliyemkimbia mama yake kwa sababu ya bandeji! Watu wanacheka mpaka machozi. Na Mkasi alikuwa akicheka nao.

Akairudisha kadi mezani.

“Sikufa mimi. Nililazwa.”

Ticha akainua kichwa. “Umesemaje, mama?”

“Nililazwa! Hospitali! Siku mbili! Kiswahili kimekushinda?”

Fundi Saa akanyoosha kidole, akaigeuza kadi ubavu, polepole. “Amelazwa,” alisema. “Zamu mbili.”

“Na mbwa alikufa,” alisema mama. “Hilo liandikwe wazi.”

Mkasi akachukua kalamu, akaandika: Akimkumbatia adui, adui anakufa, mama analazwa zamu mbili.

Ticha akahesabu kwa vidole. “Zamu mbili mlango hauna mtu... Hapo sawa. Hapo hata joka langu halina la kusema. Imepita.”

“Bado,” alisema mama. “Andika kwamba kisha anasimama.”

“Lakini mama, hiyo ni sheria. Kila kadi iliyolazwa husimama.”

“Mtoto wa uvunguni nani alimwambia hiyo sheria? Andika.”

Mkasi akaandika, herufi zikibanana mpaka ukingoni. Jumatatu aliikata mwenyewe, kadi ya sitini.

Sasa wewe uliyenisumbua niandike, usifikiri umesoma bure. Kama kuna mtoto uliyemwacha nyuma ya mlango, ukarudi bila kumwambia umerudi, inuka ukamwambie leo, hata kama ana mvi. Halafu njoo unieleze alisemaje. Na uje na sukari, maana chai ile niliiacha ikapoa.