Fimbo ya Ateri wa Geba

Baba yangu Ateri hakuwa kuhani wala mzee wa mji. Alikuwa Mlawi wa Geba tu, mwenye mguu mmoja mbovu, na kwa miaka ishirini na sita alishika fimbo kwenye milango ya mazizi ya watu. Kondoo walitoka mmoja mmoja, naye akihesabu kwa sauti. Kila wa kumi alimgusa mgongoni kwa ncha ya fimbo iliyochovywa udongo mwekundu, na huyo akawa wa Bwana. Awe mnono au amekonda, hachaguliwi wala habadilishwi. Kisha aliwaswaga mwenyewe hadi ghala za Hekalu kule Yerusalemu, akichechemea, na hakupungua hata mmoja njiani. Wengine waliwapunguza. Siwataji, wana wajukuu.

Mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa na Eliada wa Mikmashi, mwenye kondoo wengi kuliko Geba nzima. Mahari ilishatolewa na mama alishafuma nguo ya arusi. Wenzangu waliniita Bibi Kondoo, nami nilifurahi, sitadanganya. Baba alipokwenda kwenye zizi la Eliada nikamfuata, eti nimbebee chungu cha udongo. Nilitaka kutazamwa tu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wa kumi akawa dume la mbegu, yule ambaye Mikmashi yote ilijivunia pembe zake. Baba akampaka. Eliada akacheka, akamvuta dume ndani kwa pembe, akasukuma nje jike mmoja mwenye kikohozi, akachovya kidole chunguni mwangu na kumpaka yeye.

"Baba mkwe, si mmoja kwa mmoja? Fumba jicho kidogo, sisi tushakuwa ndugu."

Wachungaji wakamgeukia baba. Mimi nikamwomba Mungu amfanye baba afumbe jicho. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo nilivyoomba.

"Ungemwacha apite, mwanangu, ungetoa mmoja," baba akasema. "Sasa umebadilisha. Torati unaijua: aliyetengwa na aliyewekwa mahali pake, wote wawili ni watakatifu. Nipe dume langu. Si langu, la Bwana mwenyewe."

Eliada akawaka. Alimwita baba kiguru mwenye njaa, akaapa kwamba dume akitoka zizini, mahari irudi na binti abaki kwao. Baba akanitazama mara moja tu. Kisha akaingia zizini, akamtoa dume kwa pembe, akamfunga kamba moja na yule jike mgonjwa. Hakuna aliyethubutu kumzuia, hata Eliada mwenyewe, maana wachungaji wake walikuwa wanamwangalia.

Nililia hadi kisimani. Baba aliwanywesha kondoo wote kwanza, akaketi, akakanda mguu wake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hogla, nimekunyima mume."

Nilimtazama mzee huyu ambaye hakuwahi kuwa na dume hata mmoja wa kwake, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, nikaona fahari imenijaa kifuani hata machozi yakakosa nafasi.

"Wewe baba hukuninyima kitu," nikamwambia. "Umemnyima yeye mke."

Nikaichukua kamba ya yule dume mkononi mwake, tukashika njia ya Yerusalemu.