Sahani ya Pili

Walisema sitaweza kukaa. Si kukaa kwenye cheo wala kukaa ughaibuni. Kukaa tu, makalio juu ya kiti, miguu imetulia. Mwalimu wa shule ya Jumapili alimwambia mama kwamba nina sisimizi ndani ya suruali. Shangazi Ndeta, dada yake baba, aliapa kwamba nikipata cheti chochote cha kuketi darasani, yeye atavaa kaptula kanisani. Leo nina stashahada ya utengenezaji wa filamu. Niliisomea Polandi, huku nikiosha vyombo vya hoteli ili nijilipie mwenyewe, bila mjomba wa kunishika mkono. Nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Shangazi bado anavaa gauni kanisani, nami nimemsamehe.

Lakini juzi, jikoni kwangu Moshono, hapa Arusha, nilifunika sahani ya bati juu ya nyingine, na ule mlio mkavu ukanirudisha mtaa wa Levolosi, kwenye chumba chetu kimoja, nikiwa na miaka tisa na miguu inaniwasha.

Baba alikuwa amekwenda Mererani kuchimba madini, akasema atarudi kabla ya masika. Mvua zikaja, zikaisha. Kila jioni mama alipakua ugali na mboga kwenye sahani ya baba, ile yenye ua jekundu, akaifunika kwa nyingine na kuiweka mezani upande wake. Nikisikia bati likigusa bati, nilikuwa nimeshafika mlangoni.

“Elibariki, kaa ule.”

Nilikula nimesimama, tonge mkononi, mguu mmoja nje, kisha nikatoweka. Asubuhi kiporo cha baba ndicho nilichonywea chai. Nimekuzwa kwa chakula cha mtu mwingine, na mkikiona kimo changu mtakubali kwamba mama hakupakua kidogo.

Nilikimbilia kibanda cha video cha Loti. Kilikuwa cha mabati, kimezibwa kwa turubai, kinanuka karanga na jasho la vijana waliobeba mizigo sokoni tangu alfajiri. Loti alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Wazungu na Wachina, kwake wote walitukanana kama watu wa Levolosi. Tulimpenda. Hata hivyo sikukaa. Nilizunguka, nikachungulia nyuma ya televisheni, nikarushiwa maganda ya karanga mgongoni.

Jioni moja Loti aliweka diski mpya. Jaladani palikuwa na mwanamke, mlango na theluji, naye Loti akatangaza kwamba ni ya kijasusi.

Mwanamke alikuwa mzee, peke yake, katika nyumba iliyozungukwa na theluji utadhani kilele cha Meru kimeshuka hadi uani kwake. Akalisha kuku. Akakata kabichi. Hakusema neno, na Loti alikosa cha kutafsiri.

“Mama huyu msimwone hivi,” akaanza Loti kwa sauti nzito. “Ni jasusi. Hiyo kabichi ina bomu.”

Watu wakacheka. Mwanamke akaendelea kukata.

“Loti, bomu linalipuka lini? Wengine tumewaacha wake zetu.”

“Subirini. Anahesabu majani.”

Mwanamke akachemsha supu. Akaweka mabakuli mawili mezani, akajaza moja, akala akiutazama mlango. Akaosha vyombo, akalala. Kukapambazuka, akalisha kuku. Hapo mabenchi yakaanza kulia.

“Rudisha kiingilio, bwana. Haya si bora nikamwangalie mama mkwe?”

Loti alitoka jasho. Kibanda kile ndicho kilichomlisha, na jirani alikuwa amefungua kingine chenye televisheni kubwa zaidi. Akanyoosha mkono kuitoa diski.

“Usitoe,” nikasema.

Wote wakageuka. Nilikuwa nimekaa. Sikujua nimekaa tangu saa ngapi.

“Wewe Eli?” akasema Loti. “Wewe ambaye hata kunyolewa tunakushika watatu?”

“Nataka kuona kama atakuja.”

“Nani?”

“Mwenye bakuli.”

Loti akaitazama televisheni, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuitazama bila kuisemea. Akaona bakuli la pili. Akazima maikrofoni na kuwaambia waliotaka kiingilio wachukue mkebeni. Walichukua, wakaenda kwa jirani. Tukabaki wawili. Miguu yangu ilitetemeka hadi benchi likagonga bati, lakini sikunyanyuka. Kila upepo uliposukuma ule mlango wenye theluji, nilibana pumzi.

Mwishoni mwanamke aliosha bakuli lake. Kisha akaosha na lile ambalo halikutumika. Ikaisha.

“Ina sehemu ya pili?” nikauliza.

Kwetu kila filamu ilikuwa na sehemu ya pili. Loti akaigeuza diski mkononi.

“Sijui, mdogo wangu. Nitakuulizia.”

Nilimsumbua kwa miezi, na kila mara alinijibu kwamba bado anaulizia. Baba hakurudi. Hakuna aliyetuletea habari, nzuri wala mbaya.

Kule Polandi waliniuliza kwa nini napenda filamu ambazo hakuna kinachotokea. Niliwajibu kwa maneno makubwa, ninayo mengi. Jibu lenyewe ni fupi: mle hutokea jambo moja kubwa mno, mtu hajaja. Na suruali yangu haikuwa na sisimizi. Nilikuwa nausikiliza mlango.

Niliporudi nilitengeneza filamu yangu, ya kwanza ya aina yake Arusha, na atakayebisha alete yake. Kwa kuwa sikuwa na kitu, niliazima: jiko la shangazi, benchi la Loti, sahani ya mama. Siku ya kurudisha, niliwaonyesha wote filamu uani kwa shangazi, shuka jeupe ukutani. Loti, sasa mwenye mvi, alikuja na maikrofoni yake ya zamani.

“Nitafsiri?”

“Ukiona pa kutafsiri.”

Hakuiwasha. Shangazi alinung'unika kwamba jiko lake limeonekana chafu, kisha akakivuta kiti chake karibu. Mama alikaa mbele. Sahani yenye ua jekundu ilipotokea ukutani, aliweka mkono mdomoni na hakuutoa hadi mwisho.

Nililipakia benchi la Loti kwenye toroli, nikamkabidhi shangazi ufunguo, nikamsindikiza mama nyumbani, sahani yake kwapani mwangu. Aliiosha. Alipakua ugali, akaifunika kwa nyingine, akaiweka upande ule ule wa baba, kisha akanipakulia yangu.

Miguu ikaanza kuwasha. Nikavuta kiti, nikakaa, nikala hadi nikamaliza.