Maboya ya Kandambili

Kila baridi ya Julai, kabla ya mashindano ya kuvua visamaki vyeupe kwa ndoano mtoni Ruvubu, fundi viatu wa kijiji cha Keza huwachongea washindani wenzake maboya kwa soli za kandambili. Akisharusha ndoano yake hupuliza vidole vyenye gundi, na macho yake huhamia kwenye maboya ya wenzake kama mtu anayechunga mbuzi wa jirani. Mwaka huu yeye na Mama Scolastica walikuwa sawa, mbuzi wa zawadi akimsubiri atakayevua samaki mmoja zaidi.

“Mama, vuta! Limezama!” fundi akapayuka kwa sauti yake ya kukwaruza.

Mama akavuta, samaki akameremeta, watu wakashangilia.

“Na lako, fundi?” Mama akauliza.

Akageuka, akavuta uzi wake. Chambo kilikuwa kimeshaliwa kitambo.

“Ila la kwako, mama, umeona lilivyozama?”