Kwodi Yangu na Maziwa ya Shangazi

Shaka nilifundishwa na maziwa. Nimeyauza mjini Minjila miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo nimeona kila hila: huyu kaongeza maji ya kisima, yule kachanganya ya jana na ya leo, mwingine kaacha povu lijaze chombo. Kwa hiyo huweka tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba. Maziwa mazima hukaa, yaliyotiwa maji hutiririka. Hata yakikaa, bado namtazama mwenye chombo usoni mara ya pili. Mume wangu husema nitakuja kumpima na yeye siku moja. Namjibu wasiwasi ndiyo akili, na asiyetaka akanywe ya paketi.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumpimia ukuchani, naye ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenipa mtungi wa kwanza wa kuuza. Ng'ombe wake wa maziwa hukaa ng'ambo ya mbuga, kwenye mwinuko, hata masika wafugaji wengine wanapohamia mbali na mafuriko. Mvua zikishika, maziwa yangu yote hutoka kwake. Akininyima yeye, mimi sina biashara.

Shida ilikuwa njia. Udongo wetu mweusi ukinywa maji haupitiki. Unajishikiza kwenye gurudumu la pikipiki mpaka likwame kabisa, na mwenye bodaboda anakushusha hapo hapo na kukwambia umalizie kwa miguu. Punda alipita, ila kwa mwendo wake, na nilifika Minjila mchana maziwa yameshaanza kukatika. Masika mawili nilimwaga zaidi ya nilichouza. Mwaka juzi niliuza mafahali wangu wawili wa urithi, nikasema nitanunua kwodi, ile pikipiki ya magurudumu manne. Pia nilikuwa nimechoka kukaa nyuma ya mgongo wa mwanamume nisiyemjua, nimeshika chuma cha kiti kwa vidole viwili.

Nilikwenda Malindi na fundi wa pikipiki wa hapa kwetu. Nilianza kumshuku hata kabla hatujatoka Garsen, kwa sababu kila simu yake ikilia alikuwa anainuka kwenda kuongea pembeni. Nikasema moyoni, huyu na muuzaji wameshapatana, cha juu kimeshapangwa. Baadaye nilikuja kujua mkewe alikuwa na malaria na ndiye aliyekuwa akipiga. Sikumwomba radhi, maana sikuwa nimemwambia chochote.

Muuzaji alikuwa na ua mzima wa kwodi. Akatupeleka moja kwa moja kwenye iliyo kubwa kuliko zote, nyekundu, injini yake ya kutisha. Akaingurumisha mpaka kuku wakatawanyika. Alisema ilikuwa ya hoteli, ya kutembeza wageni ufukweni, haijawahi kuona tope. Alivyozidi kuisifu ndivyo nilivyozidi kurudi nyuma. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimwambia azime, nikamwomba fundi achomoe kile kijiti cha kupimia oili.

Mimi sijui injini, lakini maziwa nayajua. Oili iliyotoka pale ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hii imetiwa maji," nikasema.

Muuzaji akacheka. "Mama, nani atie maji kwenye injini?"

Fundi hakucheka. Aliifuta kwa kidole, akaisugua, akanieleza taratibu kwamba nimesema kweli: kwodi hii ilizama, maji yakaingia kwenye injini na kujichanganya na oili. Labda bahari, labda mto. Muuzaji akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Tulishinda pale mpaka alasiri. Fundi alinifundisha kwamba nguvu ya kazi si mbio. Nguvu nyingi juu ya mashine nzito, kwenye udongo wetu, ni kujichimbia kaburi. Tafuta gia ya chini ya kuvutia mzigo, magurudumu yote manne yazunguke pamoja, matairi mapana yenye meno marefu, tumbo liwe juu, mabomba ya hewa yapandishwe karibu na usukani, na kuwe na winchi ya kujivuta ukikwama. Tulipata moja ya kijani, imechubuka kila mahali, yenye vichanja viwili vya chuma vya mzigo, mbele na nyuma. Oili yake ilikuwa nyeusi kama inavyotakiwa. Niliinusa, nikaitazama juani, nikamtaka fundi aape. Akaapa. Nikaomba tuipandishe tena kile kifusi cha mawe nyuma ya ua, mara ya tatu.

Hiyo ndiyo niliyochukua, na sikujuta. Nilijifunza kuiendesha wiki moja nyuma ya nyumba, deraa limefungwa magotini juu ya suruali, watu wamejaa uani kuangalia. Nilipovuka mbuga nayo mara ya kwanza, maji yakirushwa pande zote na nyasi zikilala mbele yangu, nilifurahi mpaka nikaimba peke yangu. Njia ya nusu siku ikawa ya saa moja. Maziwa yalifika Minjila yangali na joto la ng'ombe.

Haukupita mwezi, yule bwana anayepokea maziwa kwenye mtambo wa kupoza akatumbukiza kipimo chake cha kioo kwenye mtungi wangu. Akatikisa kichwa.

"Mama, haya yana maji."

Nilimwambia kipimo chake kibovu. Akaleta kingine, kikazama vile vile. Nikaweka tone ukuchani, nalo likatiririka mpaka kwenye kiganja. Watu wote kwenye foleni waliona. Mimi, ninayewaaibisha wenzangu kwa tone, nilirudishiwa mitungi yangu kama mwizi.

Usiku ule sikulala vizuri. Kila nililolikumbuka lilimwelekea shangazi. Si alikuwa amelalamika kwamba ng'ombe wamepunguza? Na lile pipa la bluu la maji ya mvua, mbona limesogezwa karibu na zizi? Na siku zile nilikuwa nikichuja vipande vya nyasi kwenye maziwa yake, uchafu ambao zamani sikuuona. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako. Amekuona unapanda mashine, naye anataka kushiba.

Kwetu mtu akifika kwenye ng'ombe wa watu haulizwi neno wala haulizi neno mpaka salamu ziishe: watu, mifugo, malisho, maji, mvua. Asubuhi ile nilizima kwodi nikasema, "Shangazi, maziwa yako yana maji. Nimerudishiwa mbele ya watu."

Alikuwa ameketi, kibuyu mapajani. Hakupandisha sauti wala hakuapa, na mimi ukimya wake niliuhesabu kuwa ushahidi.

"Basi kuanzia leo," akasema, "kamua mwenyewe."

Nikakamua. Mikono ilikuwa imesahau, vidole viliuma mpaka kwenye kiwiko, na ng'ombe mmoja mweupe alikataa katakata kuniachia. Shangazi alikaa kando, mgongo umeelekea zizi. Maziwa ya siku hiyo yalipita kwenye kipimo. Ya kesho yake yakapita, na ya siku mbili zilizofuata. Mvua ilikuwa imekatika siku hizo na mbuga imekauka juu juu, lakini hilo sikulitia akilini. Nilikuwa na jibu langu. Nilijisikia nimemshika mwizi, na nasema kweli, nilisikia raha.

Siku ya tano mvua ikarudi. Nilikamua mwenyewe, nikamimina mwenyewe, nikafunika mwenyewe, hakuna mkono wa mtu ulioyagusa. Nikavuka mbuga maji yakifika kwenye vikanyagio. Kwenye mtambo yule bwana akatumbukiza kipimo, akanitazama kwa huruma.

"Mama, leo ndiyo yamezidi."

Nilitoka nje nikasimama mbele ya kwodi yangu. Kifuniko cha mtungi uliobaki kichanjani kilikuwa kimejaa maji, katikati pale penye shimo kama kisahani, na nyasi mbili zinaelea. Nikautikisa mtungi kidogo kama njia inavyoutikisa. Maji yakapungua taratibu yakiingia ndani.

Sisi maziwa yaliyotoka kukamuliwa hatuyafungi kwa nguvu. Tunaacha kifuniko kilegee yapate kupumua, na juu ya punda, anayetembea polepole na mzigo uko juu, haina neno. Kwodi inarusha maji kutoka kila gurudumu, na yale matairi mapana niliyoyachagua kwa makini namna ile yanarusha kuliko mengine yote. Oili yake niliinusa na kuitazama juani, lakini kifuniko changu sikukitazama hata mara moja.

Nilirudi kwa shangazi siku ile ile, na safari hii salamu nilizimaliza zote. Aliitikia kila moja. Kisha nikamwambia, nimepiga magoti kwenye matope, kwamba maji yalikuwa yangu, yanatoka kwenye magurudumu yangu, na kwamba nimemkosea.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku uliyonijia. Kila asubuhi ukifika, vifuniko vya mitungi mitupu huwa na maji na nyasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyamwaga kabla ya kukukamulia."

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Aliinuka kwa kushikilia magoti, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai juu ya sahani, ile sahani yenye maua anayowatolea wageni, si sisi wa nyumbani, akakiweka mbele yangu.

Siku hizi vifuniko nafunga kwa mpira wa tairi, na maziwa hayajarudishwa tena. Bado nakamua mwenyewe. Nimemwomba mara mbili aniruhusu nimrudishie kazi yake, na mara zote mbili amesema, kwa upole kabisa, kwamba hivi ni bora, nisije nikapata shida.