Walipofyeka Migomba kwa Ajili Yangu

Namshukuru Mungu kwamba haya nayaandika mwenyewe. Biashara binafsi ziliporuhusiwa, niliacha ukarani nikaanza kuuza mitumba hapa Kikatiti. Belo, yale marobota ya nguo, nilibeba kwa mgongo wangu. Sigara nilivuta, presha sikuwahi kupima.

Asubuhi moja nikiinua belo, maumivu yalinichoma mgongoni, katikati ya mabega, kama msumari wa moto. Jasho likanitoka, nikatapika. Mke wangu, Mama Neema, alinichua akidhani ni msuli. Haikusaidia. Hospitali ya Arusha walikuta presha iko juu sana, wakanipeleka Nairobi kwenye mashine ya picha.

Daktari wa kule akanieleza. "Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo una kidonda kwa ndani. Kimechimba ukuta wake, ila haujapasuka wala hauvuji."

"Mnanipasua lini?"

"Hatukupasui. Tunashusha presha. Dawa kila siku, sigara basi, mizigo basi. Tutapiga picha tena tuone kama kinakua."

Presha iliposhuka maumivu yakaisha, wakaniruhusu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu Meru, mgonjwa akirudi kutoka Nairobi hana hata mshono, watu wanaelewa amerudishwa kufia nyumbani. Majirani walileta mtori wa ndizi na nyama, wakaongea kwa sauti ya chini. Kesho yake nikasikia panga nyuma ya nyumba. Mdogo wangu Eliakimu alikuwa anafyeka migomba kando ya kaburi la baba, pale tunapozikana wa ukoo wetu.

"Unafanya nini?"

"Shikamoo, kaka. Napunguza tu, imebanana." Hakuniangalia usoni.

Iliniuma, sitaficha. Nikamwambia, "Ukimaliza, panda maharage."

Akapanda. Mimi nikameza dawa, hata siku nilizojisikia mzima, na hizo ndizo ngumu zaidi. Mabelo nikawaachia vibarua. Picha ya pili ilionyesha kidonda hakijakua. Iliyofuata, vilevile.

Ndugu msomaji, pima presha. Ukiambiwa hupasuliwi, usidhani umetupwa. Uliza ufanye nini, kisha ufanye hivyo. Kidonda bado ninacho, na kliniki bado nakwenda.

Nawashukuru madaktari na Mama Neema. Namshukuru na Eliakimu, ambaye bado analima kile kipande. Kila akivuna hutuletea, tunakula naye mezani, na hakuna anayetaja maharage yametoka wapi.